Kufuli kwenye Lango la Maji

Jumanne asubuhi Eloisa Archuleta alibeba jembe, akaenda kwenye shamba lake la pilipili. Ilikuwa zamu yake ya maji, lakini mfereji ulikuwa mkavu. Huko juu, shemeji yake Fidencio, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amejifungulia maji tena. Miche ya Eloisa ilikuwa imelala. Ikikauka, mwaka mzima hatakuwa na pilipili ya kula wala ya kuuza.

Eloisa alipanda hadi huko juu. Alisubiri Fidencio aondoke, akalifunga lango la maji la shemeji huyo kwa mnyororo na kufuli.

Katika mabonde ya New Mexico mfereji ni mali ya wote. Anayefunga lango kwa kufuli ni msimamizi wa mfereji peke yake. Habari zikaenea haraka. Kesho yake msimamizi, Bernarda Quintana, alimfuata Eloisa mferejini akiwa na Fidencio, aliyevimba uso kwa hasira.

"Shemeji yangu huyu ananifungia maji kama mbuzi," Fidencio alimwambia Bernarda.

"Mbuzi ana adabu, shemeji. Hanywi zamu ya mwenzake," Eloisa alijibu.

Bernarda hakucheka. Aliketi ukingoni mwa mfereji, akawaketisha huku na huku kwake, wote wakitazama maji.

"Sikuja kuhukumu," alisema. "Mmoja anasema, mwingine ananyamaza. Halafu aliyenyamaza anarudia alichosikia. Mwenzake akikubali, ndipo naye anasema yake."

"Kama kasuku?" Fidencio aliuliza.

"Kama kasuku mwenye akili. Anza, Eloisa."

Eloisa alieleza. Fidencio akarudia: "Anasema mimi mwizi."

"Neno hilo mimi sikulisikia," alisema Bernarda kwa upole. "Jaribu tena."

Fidencio alijikuna shingo. "Anasema kila Jumanne anakuta mfereji mkavu. Miche inakufa. Anaogopa."

Eloisa hakuwa ametaja woga. Lakini aliitikia kwa kichwa.

Ikawa zamu ya Fidencio. "Zamu yangu ni Jumanne mchana hadi jioni. Na mchana huo nampeleka mke wangu Ofelia mjini kusafishwa damu. Figo zimechoka. Tunarudi usiku."

Eloisa alianza kurudia maneno hayo, kisha akamgeukia. "Shemeji, mbona hukuniambia?"

"Tangu tumzike kaka huji kwetu. Ningekuambia wapi?"

Bernarda hakuingilia. Kisha akauliza, "Nani ana haki, tuache kwanza. Kila mmoja anahitaji nini?"

"Maji ya asubuhi, kabla ya safari," alisema Fidencio.

"Maji yafike mwisho wa matuta," alisema Eloisa. Akafikiri. "Hata alasiri sawa. Tena jioni jua halinyonyi sana."

"Basi mmeshamaliza wenyewe: Fidencio asubuhi, Eloisa alasiri," alisema Bernarda. "Mkibadilishana zamu, niambieni mapema. Mimi ndiye wa kuwajulisha wengine."

Eloisa alitoa ufunguo, akamkabidhi. "Nilikosea."

"Hata mimi," alisema Fidencio. "Nilipaswa kuja kuomba."

Eloisa alimtazama Bernarda akiondoka. Mwanamke yule hakuwa amewaamulia hata jambo moja. Alikuwa amewafanya wasikilizane, na hilo Eloisa hakuwahi kuona mtu akiliweza.

Miche iliinuka. Siku ya mavuno ikaangukia Jumanne, na Fidencio alikuwa na shamba zima la kuvuna. Mchana Eloisa alisimamisha gari mlangoni kwa shemeji, akapiga honi.

"Ofelia, toka twende. Leo nakupeleka mimi."