Na Wapagazi 12

Jumatatu watu wawili walilibeba lile jiwe huku wakibishania mpira. Jumanne, jua likiwa utosini, watu sita walilishika na halikuachana na sakafu.

"Limekunywa maji," alisema Kasmir, fundi wa mawe ya makaburi hapa Kariakoo, ingawa hakuwahi kuona marumaru yenye kiu.

Alijua kilichobadilika. Jiwe lilikuwa la makaburi ya mashujaa. Chini ya majina ya askari waliokufa katika vita vya kale vya Wazungu palikuwa na mstari: NA WAPAGAZI 12. Jumatatu jioni Bryson, katibu wa kamati, alileta barua yenye mihuri mitatu na saini za wajumbe kumi. Fomu ya ushujaa, alieleza, ina safu ya cheo, na mpagazi hana cheo. Kamati imekaa vikao vinne, imekunywa chai mara nne, imeridhia wafutwe. Kasmir akawasha grenda, akausaga ule mstari. Mtaa huu wenyewe ulikuwa kambi ya wapagazi, na hadi leo unaitwa kwa jina la kikosi chao, lakini hilo nalo halikuwa na safu kwenye fomu.

Vumbi la marumaru nyeupe lilitoka jekundu. Mkewe, Hyasinta, alilifagia akalimwaga mtaroni.

Sasa Bryson alikuja kulifuata jiwe.

"Mgeni rasmi anakuja Alhamisi. Halinyanyuki kwa kibali cha nani?"

"Mheshimiwa, husikii harufu?" Hyasinta alinong'ona.

Ilikuwa harufu ya jasho la kale, kamba iliyooza na vidonda vya mabegani. Kelele za sokoni zikazimika kama redio iliyokatiwa umeme, na mahali pake zikaja nyayo, nyayo za watu pekupeku waliopangana mstari mmoja, zikitokea ndani ya jiwe. Bryson akacheka, akaweka kiganja juu yake, na hapo hapo kichwa kikamwinama kama aliyetwishwa gunia, akajaribu kukiinua, akatwishwa la pili, magoti yakagonga sakafu, la tatu, shingo ikaanza kuzama katikati ya mabega, kidogo kidogo, macho yakimtoka, damu ikimchuruzika kutoka masikioni hadi kwenye tai, mpaka mfupa ulipolia ko! na kidevu chake kikazama kifuani.

"Baba Rachel," Hyasinta alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Kuna mtu ananiwekea ngata ya mzigo kichwani."

Shingo yake ilikwisha kuanza kupinda.

Jirani yao, Bi Mgeni, mganga, alifika na chetezo.

"Shikamoo bibi, mwokoe!" Kasmir alilia.

"Marahaba. Nyamaza." Akafukiza ubani, akauliza kama aulizwavyo kila jini kabla ya kutolewa: "Taja jina lako, tukuage."

Sauti kumi na mbili zikajibu kwa kinywa cha Hyasinta: "Hatuna. Tuliandikwa namba, na namba mkaifuta."

Bi Mgeni akarudi nyuma. "Asiye na jina haitiki, mwanangu, na asiyeitika hafukuziki. Wape majina. Upesi!"

"Ya nani?"

Bi Mgeni akamwonyesha kwa kidole ile barua ya kamati iliyokuwa mezani.

Kasmir akashika patasi. Alianza na Bryson, ambaye hakuwa na pingamizi tena. Shingo ya Hyasinta ikapanda kidole kimoja. Akachonga jina la kwanza kwenye barua, la mwenyekiti, ikapanda tena, na mfukoni mwa marehemu simu ikaanza kulia kwa ujumbe: mwenyekiti kaanguka mezani, shingo imevunjika. Kasmir akaelewa, mkono ukasita, na papo hapo kichwa cha mkewe kikashuka, mfupa ukalia kidogo, akapiga yowe. Basi akachonga, jina baada ya jina, jasho likimpofusha, na simu ikalia na kulia, kundi la kamati likitangaza msiba juu ya msiba, mpaka hakubaki mtu wa kutangaza.

Bi Mgeni akahesabu kwa kidole. "Kumi na mmoja. Nani mwingine aliyewafuta?"

Kasmir akaitazama grenda.

"Baba Rachel, usi..."

"Mtunze Rachel," alisema, na akaanza na K.

Alhamisi watu wawili walilibeba lile jiwe huku wakibishania mpira. Hyasinta alisimama nyuma, shingo imenyooka, hataki hata mtandio kichwani. Mgeni rasmi, aliyekaribishwa na kamati ya muda, aliisifu kazi: herufi zote zimenyooka, isipokuwa ile ya mwisho ya jina la mwisho, iliyoteleza kuelekea chini mpaka ukingoni mwa jiwe.