Tamasha Mbele ya Duka la Fundi

Mwaka 2006, siku chache kabla ya Idi, duka la Mzee Msellem, fundi cherehani Mzanzibari wa mtaa wa Satwa, ughaibuni, lilifurika wateja. Katika msukumano ule Hamuza, Mganda aliyelinda bohari kule bandarini Jebel Ali, akaangusha kitabu miguuni pa binti wa fundi. Mahfudha, buibui jeusi na sindano midomoni, akakiokota.

"Mlinzi na kitabu, wapi na wapi?"

"Nasoma kwa posta, dada. Tamthilia za kale za Waingereza."

Akamwonyesha neno "triumph". Leo ni ushindi, akamweleza, lakini zamani zile lilikuwa pia tamasha la hadharani: magari yaliyopambwa, tarumbeta, mji mzima njiani. Mahfudha akacheka, akapokea suruali ya Hamuza ya kupunguzwa.

Wakapeana namba, simu zikafuata, miezi minne. Hamuza humwita laazizi, Mahfudha humuuliza kama kasinzia lindoni.

Ndipo Hamuza akakosea. Badala ya kutuma mshenga na barua ya posa, Ijumaa moja alasiri alikuja na walinzi wenzake saba, ngoma na maua, akapiga magoti mbele ya duka. Watu wakajaa, simu zikainuliwa kupiga picha. Mahfudha akajifunika uso kwa mtandio, akakimbilia ndani. Mzee Msellem, aliyekuwa hajui lolote, akalijua jambo la mwanawe pamoja na wapita njia. Akafunga duka, akaapa hamwozeshi mtu aliyemwanika bintiye.

Siku ya tisa Mahfudha alipiga simu.

"Lile neno lako," akasema polepole. "Nyuma ya magari hufuata nani?"

Hamuza akafungua kitabu. Maelezo ya neno lile hakuwahi kuyasoma hadi mwisho.

"Mateka," akasoma. "Hutembezwa ili watazamwe."

"Basi siku ile mie nilikuwa wapi, Hamuza? Garini au nyuma?"

Hamuza akafunga kitabu. "Nyuma, mpenzi. Nisamehe."

"Baba ndiye wa kuombwa. Na si kwa ngoma."

Hamuza akamwendea Bwana Ghanim, mzee wa msikiti wa mtaani kwake, awe mshenga. Barua ikapelekwa kimya, ndani ya bahasha. Hamuza mwenyewe hakukanyaga Satwa. Alingoja mtaani Karama, katika chumba alichopanga na wale wenzake, wiki tatu.

Bwana Ghanim akarudi na suruali ile ambayo Hamuza hakuwahi kuifuata dukani, imepindwa kwa mkono wa Mahfudha, mishono midogo ya mtu asiye na haraka. Mfukoni mlikuwa na karatasi yenye mwandiko wa fundi: "Posa tumeipokea. Njoo Alhamisi na mshenga wako tu."

Wenzake saba wakauliza imeandikwa nini. Hamuza akaikunja karatasi, asimwambie hata mmoja.