Niliandika "Mzima" Samaki Akiteseka

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na nayasimulia haya nikijua wapo watakaocheka. Samaki? Mtu mzima analia kwa ajili ya samaki? Chekeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Mimi ni Mnubi, jina langu Hadija. Nilizaliwa katika kambi ya polisi hapa Kampala. Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi Akello, binti wa sajini kutoka Lira. Tulikula sahani moja, tukachapwa fimbo moja. Yeye alisoma akafika mbali. Mimi niliishia soko la Ggaba, kando ya ziwa, nikiuza samaki pamoja na mama.

Akello hakunisahau. Alinitafutia kazi kwenye maabara alikokuwa akifanya utafiti wa shahada yake. Nililisha ngege, wale samaki wa ziwani, waliokuwa kwenye matangi, nikabadilisha maji, na asubuhi na jioni nikajaza karatasi ya ukaguzi.

Alikuwa anajaribu dawa ya ugonjwa wa ngozi ya samaki. Mpole yule, lakini kwa jambo moja alikuwa mkali. Samaki akipanda juu akaachama mdomo na kutweta, au akilala ubavu, huyo anaumia. Nimtoe hapo hapo, nimtie kwenye beseni la dawa ya usingizi, nisubiri mpaka mashavu yatulie kabisa, afe bila kuumia, kisha nimpigie simu.

"Hata kama idadi itapungua, Dija," aliniambia. "Hawakutuomba tuwalete humu."

Nikaitikia ndiyo... moyoni nikasema huyu naye anazidisha.

Shangazi yake alipofariki, Akello akaenda Lira kuzika. Akaniachia ufunguo na samaki wake. Jumamosi asubuhi nikakuta kumi na wawili wamepanda juu, midomo wazi.

Jamani, mimi nimekulia Ggaba! Pale samaki anayeachama mdomo ndiye samaki mzuri. Mama humwinua mbele ya mteja na kumwambia, tazama, bado anapumua. Macho yangu yalifundishwa hivyo tangu utotoni. Nikaweka tiki kwenye "mzima", nikafunga mlango, nikaenda zangu sokoni Kalerwe kununua matooke.

Jumapili jioni wengine walikuwa wamelala ubavu. Magamba yananyofoka, ngozi imekuwa nyekundu, na bado wanatweta... Hapo nilielewa. Lakini ningempigia nimwambie nini, wakati karatasi inasema wazima tangu jana? Niliogopa kupoteza kazi. Nikaweka tiki tena.

Jumatatu Akello alikuja moja kwa moja kutoka kituo cha basi, bado amevaa nguo za matanga. Hakunigombeza. Alikunja mikono ya gauni akaanza kuwatoa mmoja mmoja, kuwatia kwenye beseni, kusubiri watulie. Machozi yalikuwa yanamdondokea ndani ya beseni. Mimi nilisimama pale nimeshika ndoo tupu.

Kamati inayosimamia wanyama wa maabara ikatuita wote wawili. Wakaniuliza kwa nini samaki waliachwa wateseke siku mbili.

Nikasema Akello ndiye aliyeniagiza. Nikasema alitaka niandike wazima na asitolewe hata mmoja mpaka arudi, ili idadi ya samaki wa utafiti isipungue.

Nilitamka maneno hayo nimemkazia macho mwenyekiti. Akello alinitazama kama anayemtafuta mtu aliyemjua zamani. Alikana mara moja, lakini karatasi hazikuwa na neno la kumtetea. Utafiti wake ukafungwa, akapigwa marufuku kugusa mnyama yeyote wa maabara ile. Akarudi kwao Lira. Mimi? Nikabaki na kazi yangu.

Kazi gani ile! Kila nikisogelea tangi naona midomo. Nikila, naona midomo. Baada ya miezi minane nikashindwa, nikaenda kwa mwenyekiti nikamweleza ukweli wote. Nilifukuzwa siku ile ile, na nilistahili. Akello akaandikiwa barua ya kumsafisha jina, lakini nafasi yake ya masomo ilikuwa imeshapewa mwingine.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. Aliniacha niongee mpaka nikaishiwa na maneno. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, tena siyo juu yake mwenyewe.

"Jumamosi ile, Dija, uliwaona?"

Nikasema niliwaona. Akakata simu, na mpaka leo hajapokea tena.

Nimerudi Ggaba kwenye meza ya mama. Samaki akija akiwa hai, nampiga kichwani kwa rungu mara moja, afe asiumie, ndipo namlaza mezani. Wateja wanaotaka anayepumua huenda kwa jirani. Mama hunung'unika, namwacha anung'unike.

Wewe unayesoma, labda uko kwenye maabara, au bandani kwa kuku, au unamuuguzia mtu mgonjwa wake na kumjazia daftari. Nakuomba kwa Mungu, andika ulichokiona. Kama umekosea, sema siku ile ile, kabla hujamtafuta wa kumbebesha. Mimi nilikuwa na simu mkononi Jumapili ile, na ilikuwa na chaji.