Pete ya Kioo Ilihesabu Wawili

"Jumapili ulikuwa na nani humu ndani?" Awuor aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Nani tena? Nilikuwa peke yangu," Zadock akajibu.

Alidanganya bila hata kukohoa, tena akamdanganya mtu asiyedanganyika. Karakana yao, iliyoko Kisian, hutengeneza pete za kioo ndogo kuliko punje ya mchanga, za kuzungusha mwanga kwenye saketi zinazotumia mwanga badala ya umeme. Pete hizo zinadeka kuliko kitinda mimba. Joto la mtu mmoja likiingia chumbani, mstari wa kompyuta unapanda, na Awuor amesoma mstari huo miaka mitatu.

"Saa nne mstari umepanda, huyo ni wewe. Saa nne na nusu umepanda tena. Huyo ni nani?"

"Hiyo ni joto ya mashine tu."

Asubuhi hiyo bosi wao, Daktari Nabalayo, alikuwa amempa Awuor barua. Pete iliyofanyiwa kazi mwezi mzima ilikutwa na vumbi, na jina la mwisho katika kitabu cha wanaoingia lilikuwa la Awuor, maana Jumapili Zadock hakuandika lake. Ijumaa angefutwa kazi. Jumamosi watu wa Zadock wangekuja kwa wazazi wake Sondu kumposa.

Awuor alitoka nje, akamwandikia Zadock kwa simu: "Kama ni mwanamke niambie. Watu wako wasije."

Simu ikalia papo hapo.

"Ni mamangu," Zadock alisema. "Alitaka kuona kazi yenye mke wa mtoto wake anafanya. Nikamwingiza bila koti la kuzuia vumbi. Akainama kuangalia, leso ikagusa pete."

Awuor alishusha pumzi. Kisha hasira zikampanda.

"Na barua yangu umeiona, ukanyamaza."

"Ningesema ningefutwa. Harusi tungefanya na nini?"

"Afadhali ingekuwa mwanamke, Zadock. Huyo angenichukulia wewe. Wewe umechukua jina langu."

Akakata simu.

Alasiri Daktari Nabalayo alimwita. Koti jeupe la Zadock lilikuwa juu ya meza, limekunjwa.

"Bwana Zadock amekubali makosa. Wewe rudi kazini. Yeye ameenda."

Awuor alimkuta Zadock getini.

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Niwaambie wazee wasije?"

Awuor alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma.

"Wacha waje. Lakini utamwambia Baba yangu kwa nini huna kazi. Yote, na mama yako akiwa ameketi hapo. Ukificha kitu, nitasema mimi."

Jumamosi, hata soda hazijafunguliwa, Zadock alisimama mbele ya wazee wa Sondu. Mama yake aliangalia sakafu.

"Kosa lilikuwa langu," Zadock alisema. "Msichana wenu akalibeba, mimi nikamwangalia tu."

Baba akamgeukia Awuor.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Na bado unamtaka?"

"Namtaka," Awuor alisema, na machozi yakamtoka, kwa sababu hasira nazo zilikuwa hazijaisha.