Ghala la Sufi

Haya yalimpata shoga yangu Salme, na mpaka leo hapendi kuyasimulia. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, dada yake anaolewa, mama akamtuma Changamwe kununua sufi ya kujazia magodoro.

Ghala lenyewe halikuwa na dirisha, upepo usije ukapeperusha sufi. Humo gizani, siku za kazi, watoto wa vibarua waliotoka bara walikuwa wakichambua mbegu kutwa nzima, wakikohoa. Salme alipofika alasiri alikuta mlango una kufuli. Akasikia vidole vikikwaruza ubao kwa ndani.

“Dada,” sauti ya kitoto ikaita, “Mbula amefunikwa na sufi. Tunamvuta, hatumpati.”

Salme akamkimbilia nyapara, msimamizi wa ghala, kibandani kwake. “Fungua! Wallahi mtoto anakufa!”

“Mtoto gani, bibie? Leo hapana kazi, wote wako kwao.”

Hata hivyo alifungua. Ndani hamkuwa na mtu, ila rundo la sufi lililofika darini. Salme akalivamia akiita, “Mbula! Mbula mwanangu!” Nyapara naye, alipomwona analia, akapiga magoti akafukua. Vumbi likawakaba koo. Walifukua mpaka wakagusa saruji, wasipate kitu, wakaketi wakihema.

Walipoacha kuhema, pumzi ziliendelea kusikika. Wakageuka. Ile sufi waliyoitupa nyuma yao ilikuwa ikiinuka na kushuka kama kifua cha aliyelala, polepole, na kila mara polepole zaidi.