Mgeni wa Flavian

Ilianza harufu. Mchana kweupe, ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi pale Sumbawanga mjini, kukanuka tope la ziwa. Muuguzi Coleta akapiga deki mara ya pili. Wapi! Ilikuwa inatoka kitandani kwa Flavian.

Flavian, mkulima wa Milepa kule bondeni karibu na ziwa, aliletwa na homa ya mapafu. Presha ilikuwa imeshuka mno, dripu zote hazikufua dafu. Mama yake, Fransiska, alijikunyata kwenye benchi na siri yake. Miaka miwili mwanawe alilamba unga wa mganga wa Ilemba kwa ajili ya magoti, na mganga akaonya: huyu ana mgeni mwilini, na unga huu ndio chakula chake, msimkatizie. Siku ya kuja hospitali, mama akaumwaga wote chooni. Aliogopa kugombezwa na manesi. Ndivyo tulivyo jamani, nesi tunamwogopa kuliko kifo!

Alipoona mwanawe anamfia, akamnong'oneza Dokta Amin.

"Mama, mbona hukusema? Unga wa hivyo huchanganywa na dawa kali. Mwili ukiuzoea, unaacha kutengeneza homoni yake. Ukiukatiza ghafla, presha inaporomoka. Coleta, sindano ya haidrokotisoni, dawa ya aina hiyohiyo, haraka!"

Coleta akamchoma. Kufika alasiri presha ikaanza kupanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo tope lilivyozidi kunuka, na mashuka yakalowa bila mtu kumwaga maji, na koo la Flavian, ambalo lilikuwa na mpira wa kupumulia na lisingeweza kutamka hata neno moja, likatoa sauti nzito ya mzee aliyeshiba: "Hii tamu kuliko ya Ilemba."

"Dokta, umesikia?" Coleta alinong'ona. "Tusimpe tena."

"Tukiacha, anakufa," Amin akajibu.

Wote wawili wakamgeukia mama.

"Mpeni," Fransiska akasema huku analia. "Mimi namtaka mwanangu. Huyo mwingine abaki tu."

Flavian akapona, akarudi Milepa na vidonge vya kila asubuhi, asiviache bila daktari kusema. Mama ndiye aliyekuwa akimpa. Asubuhi moja alichelewa kisimani. Aliporudi, Flavian alikuwa bado anakoroma, mdomo wazi, na chumba kizima kinanuka tope.

"Mama," sauti ikasema katikati ya mkoromo, "leo umetuchelewesha."

Fransiska akashika kidonge na kikombe cha maji, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba."