Zulia Lililogeukia Ukutani

Jioni ile alikuwa ametoka kununua gundi. Ndoo ya lita tano, mpini unakata vidole, na njia nzima alikuwa akiihamisha mkono huu na huu huku akimnung'unikia mwenye duka aliyeishiwa makopo madogo. Taa za barabarani ndiyo kwanza zilikuwa zinawaka. Alipokunja kona ya nyumbani akaona mtu amesimama mlangoni pa karakana yake.

Mwanamke. Mrefu, kajitanda shuka ya kijivu, kakumbatia gunia kifuani kama aliyebeba mtoto.

"Shikamoo, mama."

Yule mwanamke akamtazama mikono.

"Wewe ndiye Fundi?"

Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, hata kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kiwandani, kwenye mashine kubwa ya kushona nyasi bandia za viwanja vya mpira, sindano mamia zinashuka kwa pamoja kama mvua ya mawe. Alipochoshwa na zile kelele akanunua mashine ya mkono, ile yenye umbo la bastola ambayo mafundi wanaiita bunduki, akafungua karakana chumba cha uani, nyumbani kwa kaka yake. Bunduki hudunga uzi kwenye kitambaa kilichowambwa juu ya fremu, mkasi wake mdogo unaukata, na manyoya ya zulia yanatokeza upande wa pili. Fundi hukaa nyuma. Uso wa zulia uko mbele, asikokuona, kwa hiyo kila baada ya muda lazima azunguke aitazame kazi yake.

Mgeni aliingia bila kukaribishwa. Akapitisha kiganja juu ya zulia lililotundikwa ukutani, polepole, kisha mkono ukasimama.

"Hapa ulitetemeka."

Fundi akaitua ndoo chini. Ilikuwa kweli. Siku aliposhona pale ndiyo siku aliyopigiwa simu ya msiba wa baba yake, na mstari mmoja ulipinda kidogo tu, kidogo kiasi kwamba hata yeye huutafuta. Hakuna mteja aliyewahi kuuona.

"Nataka zulia la urefu wa mtu," mwanamke akasema kwa sauti ya chini. "Nyuzi ninazo. Mchoro uko tayari kwenye kitambaa, wewe jaza mistari. Fanya saa hizi, jua likizama. Na usizunguke mbele mpaka umalize."

"Sasa nisipozunguka nitajuaje kama nimekosea?"

"Mkono wako haukosei."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Mtu amefanya kazi miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Akakiwamba kitambaa kwenye fremu. Mchoro ulikuwa mistari iliyopindapinda tu, haikumwambia kitu. Akaigeuza fremu, uso ukaelekea ukutani, katikati pakabaki pengo la kiganja kimoja. Alipogeuka nyuma, mgeni alikuwa ameshaondoka. Gunia lilikuwa juu ya kiti.

Nyuzi zilikuwa nyeusi, zimechanganyika na kahawia, laini kupita pamba. Zilikuwa na joto... joto la kitu kilichotoka kubandukwa mwilini. Na harufu. Harufu ya mto wa mgonjwa wa homa.

"Labda ni dawa ya kutia rangi," akajiambia.

Akabonyeza. Tratatatata. Kazi ikaenda kama maji. Kwa kawaida uzi hukatika, hukwama, humtukanisha mtu. Jioni hiyo haukukwama hata mara moja.

Asubuhi alimkuta wifi yake jikoni, ameduwaa, ameshika kitana.

"Wifi, umeniroga? Nywele zinatoka kama kuku anayenyonyolewa."

"Zinakimbia maneno yako. Nami ningekuwa unywele ningekimbia."

Wakacheka. Walikuwa watani wa kweli wale wawili. Kaka mtu, dereva wa lori, alikuwa safarini kama kawaida, na nyumba ilibaki mikononi mwao. Lakini saa nne wifi akarudi kitandani. Mwanamke ambaye mumewe alimpa jina la Jogoo kwa kuwaamsha watu alfajiri! Fundi alikwenda kumchungulia mara tatu. Akaketi, akainuka, akafagia karakana iliyokwisha kufagiwa. Mwili ulikuwa haumtulii.

Jua likazama. Akashika bunduki.

Ukisukuma sindano, kitambaa hubonyea kuelekea mbele. Ndivyo kilivyo. Jioni ile kilibonyea... kisha kikamrudi.

Akaacha. Akatazama.

Upande wa pili, kitu kilikuwa kinakisukuma kitambaa kuja kwake. Vijivimbe vitano, vidogo, vimepangana kama ncha za vidole. Vikatambaa taratibu hadi pale alipoishia kushona, vikapapasa. Vikatulia.

Akachungulia pengo. Ukuta, giza na vumbi, basi. Hata paka asingeenea.

Ndipo aliposikia sauti kutoka ndani ya nyumba. Mguno. Mguno wa mtu anayechomwa. Akashtuka, kidole kikabonyeza bila kukusudia. Tratata. Mguno ukapanda. Akaachia. Kimya.

Akajaribu tena, mdundo mmoja tu. Ta.

"Aah!"

Ni wifi yake.

Aliitupa bunduki, akakimbia. Wifi alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, kichwa kimebaki na nywele za kuhesabu. Amelala fofofo. Fundi alimtikisa, alimwita, alimmwagia maji. Mwishowe akaita teksi. Hospitalini walimpima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa, ni uchovu, mwacheni apumzike. Kesho yake mchana akarudi naye nyumbani amembeba mgongoni, mwepesi kama mfuko mtupu.

Hakungoja taa ziwake. Aliingia karakana moja kwa moja, akaikamata fremu kwa mikono miwili, akaivuta kutoka ukutani, akazunguka mbele.

Mwanamke alikuwa amelala ndani ya zulia.

Ubavu. Magoti kifuani. Kovu la goti lipo, mkunjo wa shingo upo, kila kitu cha wifi yake kipo, kimetokeza kwa manyoya meusi na kahawia ambayo mkono wake mwenyewe ndio ulioyapanda. Umebaki uso tu, kitambaa cheupe. Na pale kwenye mbavu manyoya yalikuwa yanainuka... yanashuka... yanainuka.

Fundi hakupiga kelele. Alichukua koleo, akarudi nyuma ya fremu, akatafuta ncha ya mstari wa mwisho, akavuta. Zulia ambalo halijapakwa gundi hufumuka kirahisi, mstari mzima kwa mvuto mmoja. Frrrr. Ndani ya nyumba wifi akavuta pumzi kubwa, kama mtu aliyeibuka majini.

Akavuta mwingine.

"Usifumue."

Yule mgeni alikuwa ndani ya karakana tayari, amesimama karibu na mlango, shuka imemwanguka mabegani. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja.

"Kuna mtu humo," akanong'ona. "Nimemtafutia mahali miaka tisa."

"Nani?"

"Mwanangu. Hana pa kulala. Kila nilipomlaza, wakamwamsha."

"Na wifi yangu je? Naye ana mwenyewe!"

Mwanamke akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtetemesha Fundi kuliko yote. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kuomba.

"Uso usiushone, ubaki wa wifi yako," akasema. "Watagawana."

Fundi alivuta. Alivuta akilia, kamasi zikimtiririka, mstari baada ya mstari, mikono ikachubuka. Mwanamke hakumzuia. Alipiga magoti, akaanza kuokota nyuzi zilizoanguka, akizipanga kifuani moja moja, akizibembeleza kwa sauti ya puani. Kitambaa kilipobaki matundu matupu, akainuka. Akatoka. Fundi akamtazama kutoka mlangoni: alishika njia ya kushoto, ile iendayo kwenye machimbo ya mchanga, mpaka giza likammeza. Gunia alikuwa amelibeba, ila lilionekana limelegea, kama halina kitu.

Ndani, wifi alikuwa ameketi kitandani.

"Nina njaa," akasema. Fundi akamkumbatia, akacheka, akamwambia sufuria nzima ni yake. Wifi akala mpaka akakwangua sahani. Rangi ilimrudi usoni. Kisha akainua macho, akatazama dirishani.

"Mama amekwenda njia ipi?"

"Mama gani?"

"Mama. Si alikuwa hapa sasa hivi?"

Mama mzazi wa wifi walikuwa wamemzika wote pamoja, Fundi akiwa ameshika jembe.

Wifi alikuwa akimngojea jibu, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtoto. Fundi akafikiria njia ya machimbo. Akamfikiria kaka yake huko barabarani. Akanyoosha kidole kulia.

"Kule. Kuelekea sokoni."

Kaka alirudi Jumamosi, akamkuta mkewe mzima, nywele zinaota upya, utani ni ule ule. Asubuhi ni Jogoo wake. Anapika, anafoka, anamwita Fundi mchawi wa nyuzi. Lakini taa za barabarani zikianza kuwaka, huacha chochote alichoshika, akavuta kiti dirishani na kutazama upande wa sokoni. Hukaa hivyo hadi giza limetanda kabisa, ndipo hushusha pumzi, akarudisha kiti mahali pake.

"Anamngoja nani?" kaka mtu aliuliza jioni moja, kwa kunong'ona, wamesimama wawili uani.

Fundi alitazama njia ya kushoto. Palikuwa kimya, hakuna mtu.

"Sijui," akasema.